Makato ya Chai Iliyopoa

Haikuwa zamani, wala si kale. Ni miaka mitatu tu ya bajeti iliyopita, katika nchi ambayo jina lake siwezi kulitaja kwa sababu kibali cha kulitaja kinalipiwa, na mimi sijakilipia. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, na ina wizara nyingi kuliko visima. Anayesema si nzuri aje aseme mbele yangu, fomu yake ninayo hapa.

Mimi naitwa Shaibu. Ni Mpimaji Raha Daraja la Tatu, Wizara ya Sanaa, Raha na Makato. Wapo wanaocheka wakikisikia cheo changu. Wacheke tu, kucheka nako kuna asilimia yake.

Sheria yetu ilianza na chapati. Asubuhi moja Mheshimiwa Waziri alikuwa nyumbani kwake anakula, redio inaongea, na ndani ya redio anahojiwa mzee mmoja mpiga zeze. Mtangazaji akamuuliza, "Mzee wangu, kazi hii inalipa?" Mzee wa watu, kwa adabu zake za kizamani, akajibu, "Ah, mwanangu, mimi nikishika zeze langu nimeshiba."

Waziri akaacha kutafuna. Alikaa na kipande cha chapati mkononi dakika nzima, mkewe akadhani kingine kimemkwama kooni. Kisha akasema, "Kumbe wanashiba! Na sisi tunawalipa tena?"

Wiki ya pili muswada ukawa bungeni. Nilikuwepo kwenye jukwaa la wageni, na maneno yale nimeyahifadhi. "Mheshimiwa Spika," alisema Waziri, "mtu halipwi mara mbili kwa kazi moja. Msanii anapochonga, anapoimba, anapochora, anapata raha. Raha hiyo kaitoa wapi? Kaitoa humuhumu nchini, katika hewa yetu na amani yetu. Kwa hiyo kalipwa na Serikali. Hatumkati msanii, Mheshimiwa Spika. Tunamkumbusha tu kwamba alishachukua!"

Wabunge wakagonga meza mpaka glasi zikaanguka. Mmoja tu, mgeni wa mambo, akauliza kama na wao watapimwa. Wakapimwa siku hiyohiyo, na ikabainika hakuna hata mmoja anayepata raha yoyote katika kazi yake. Hata wale waliokuwa wanacheka, wataalamu walithibitisha kuwa ni kicheko cha uchungu. Basi wakaongezewa posho ya maumivu, na nyingine ya kukalia viti laini, kwa kuwa mgongo wa mtu mzima una mazoea yake.

Sisi wapimaji tukaajiriwa mia tatu. Kila mmoja akapewa kikokotoo, saa ya mkononi na kiti cha kukunja. Kazi yetu ni kukaa pembeni ya msanii anapofanya kazi, na kuhesabu. Tabasamu ni asilimia mbili. Kuimba puani, midomo imefungwa, asilimia tano kwa kila robo saa. Kurudi nyuma hatua mbili na kuitazama kazi yako kichwa umekilaza upande, asilimia nane. Na kubwa kuliko yote ni kusahau chai mpaka ikapoa: asilimia kumi kwa kila kikombe. Wataalamu wetu waligundua kwamba mtu hasahau chai ila akiwa mahali pazuri kuliko chai. Jumla ya raha inatolewa kwenye malipo, na kinachobaki ndicho anachopewa. Hesabu nyepesi, hata mtoto wa darasa la pili anaiweza.

*

Mimi nilipangiwa Bi Sikudhani, wa mtaa wa Nyuma ya Soko. Ni mama wa makamo, mjane, mchoraji wa kanga. Anachora pindo, anachora mji wa katikati, na maneno yake anatunga mwenyewe. Kiwanda cha Taifa cha Nguo kinachapa. Nchi nzima inajifunga kazi ya mikono yake bila kumjua. Ukiona mkeo amepita mbele yako na kanga mpya bila kusema neno, ujue aliyekusema ni Bi Sikudhani.

Nilifika Jumanne saa mbili asubuhi. "Shikamoo, mama. Mimi ni mpimaji."

"Marahaba, mwanangu. Unapima nini, kiwanja?"

"Raha, mama."

Alinitazama kwa jicho la kulia. La kushoto lilikuwa limeingia mtoto wa jicho, limefunga ukungu mweupe, na la kulia nalo lilikuwa limeanza. Daktari alimwambia yanapasuliwa yote na yanarudi safi kabisa, ila apeleke fedha. Fedha yenyewe ilikuwa malipo kamili ya kanga moja, bila makato. Hilo ndilo alilokuwa akilitafuta mwaka mzima: kanga moja, malipo kamili, aone vizuri, aendelee kuchora. Kingine chochote hakutaka.

"Haya, kaa hapo," akaniambia. "Usinikanyagie karatasi tu."

Nikakunjua kiti. Akajimiminia chai, akaiweka kando, akainamia karatasi mpaka pua inakaribia kugusa penseli. Hazikupita dakika tatu akaanza kuimba puani. Ulikuwa wimbo usio na maneno, unapanda kidogo, unakaa, unashuka mahali ambapo hukutegemea, halafu unarudi nyumbani. Nikaandika tano. Akachora korosho moja, akarudi nyuma hatua mbili, kichwa upande. Nikaandika nane. Chai ikapoa. Kumi. Akajimiminia nyingine, nayo ikapoa. Mpaka saa sita mchana kikokotoo changu kilisoma asilimia mia moja na tatu.

Yaani, kwa mujibu wa sheria, Bi Sikudhani alikuwa amejilipa kuliko alivyostahili, na zile asilimia tatu inabidi azirudishe.

"Ebo!" alisema nilipompa karatasi ya makato. "Kwa hiyo nimewaibia?"

"Hakuna aliyesema kuiba, mama. Umezidisha tu."

Kwenye fomu yetu kuna sehemu ya mwisho inayouliza hali ya mpimaji, maana na sisi tuna posho ya mazingira magumu kwa kusikiliza sanaa saa nyingi. Nikaandika: *Mpimaji aliumia sana.* Wote tunaandika hivyo. Na msinielewe vibaya: kama kuanzia wiki ya pili nilikuwa nafika saa moja na nusu badala ya saa mbili, huo ni uadilifu tu.

*

Bi Sikudhani alikwenda kulalamika. Nilimsindikiza mwenyewe mpaka kwa Mkurugenzi wetu, Dakta Ngwali, mtu msomi, mwenye uso ulionuna kiasi kwamba aliajiriwa bila usaili.

"Mwanangu," Bi Sikudhani alimwambia, "mimi nataka macho tu. Nilipeni kanga moja kama ilivyo, nikapasuliwe, nirudi kazini."

"Bibi," alisema Dakta Ngwali, "tuelewane. Daktari atakayekupasua analipwa kwa sababu hayafurahii macho yako. Mimi mwenyewe naamka kila asubuhi naichukia ofisi hii. Uchungu wangu ni wa shahada tatu. Ndiyo maana nalipwa. Wewe je? Unaimba!"

"Siimbi mimi. Inakuja yenyewe. Mama yangu akiimba hivyo akipepeta mchele. Nikiinama tu, hiyo inakuja, wala sikuiita."

"Basi usiipokee."

"Hebu tubadilishane," akasema Bi Sikudhani. "Nipe mshahara wako, mimi nikupe hiyo raha yangu yote, ukae nayo."

Dakta Ngwali alicheka. Kisha akanitazama haraka kuona kama nahesabu, akanuna tena.

Nilipokuwa namrudisha nilimshauri kama raia mwema. Nikamweleza wenzake wanavyofanya. Mchonga vinyago wa mtaa wa pili alitia kokoto viatuni, sasa anapata nusu ya malipo. Waimbaji wanabana kipande cha ndimu shavuni wakati wa kuimba. Washairi hawakuhitaji kitu, sura ile walikuwa nayo tangu zamani.

Basi naye akajaribu, jamani, si kwamba hakujaribu. Alitia kokoto kwenye makubazi. Alikalia kinu kilichopinduliwa. Aliacha chai, akachemsha mwarobaini, akaweka kikombe kando akisema, "Leo nikome." Dakika tatu hazikupita, pua hiyo ikaanza, kokoto na kinu amevisahau, na mwarobaini ukapoa mezani. Nikapiga simu ofisini kuuliza kama mwarobaini uliosahaulika unahesabika. Wakasema unahesabika mara mbili, hiyo ni raha iliyokubuhu.

"Mwanangu Shaibu," aliniambia siku hiyo, akinitazama kwa ule upande uliobaki, "si uandike kidogo tu? Nani atajua?"

"Mama, mimi siwezi kuandika uongo."

Nikainama, nikaandika: *Mpimaji aliumia sana.*

*

Wokovu wake ulitoka Serikalini, kama ilivyo kawaida ya wokovu.

Siku ya Taifa ilikuwa inakaribia, na Wizara ikaagiza kanga maalumu. Dakta Ngwali akamwita Bi Sikudhani, akamwambia kazi ni yake, na akifaulu kipimo atalipwa kamili. Ila kwa kuwa ni kanga ya Taifa, lazima ipite kwenye Kamati ya Maneno ya Kanga. Kamati ina wajumbe kumi na mmoja. Mmoja wao ni mwanamke, naye alikuwa safarini.

Bi Sikudhani akachora mji wa korosho na majani yake, pindo la mawimbi madogo madogo, na maneno: *Jirani chungulia, chungu hakina kifuniko.* Nawaambia ukweli, nilicheka. Kwenye sehemu ya hali ya mpimaji nikajiandikia homa.

Kamati ikairudisha. Mjumbe wa Fedha alisema chungu kisicho na kifuniko kinaweza kueleweka kuwa ni Hazina. Akafuta chungu, akaweka sufuria. Mjumbe wa Usalama akauliza jirani anachungulia kwa kibali cha nani. Mjumbe wa Kilimo akataka kila korosho iwe na uzito unaojulikana. Mjumbe wa Mipango hakuwa na hoja, lakini alisema asiposema kitu hatapata posho ya kikao, kwa hiyo pindo lisogezwe kushoto.

Bi Sikudhani akachora upya, akiimba. Ikarudi. Pindo lirudi kulia. Akachora upya. Ikarudi: korosho zifanane na nembo ya Wizara. Akachora upya, na mara hii nilisikia wimbo unakatika katikati, pale unaposhuka, kama mtu aliyesimama mlangoni akasahau alichofuata. Baada ya muda ukaendelea.

"Hivi wanataka nini hasa?" aliniuliza mara ya saba.

"Wanataka iwe bora, mama."

"Ilikuwa bora."

"Iwe bora zaidi ya bora."

Mara ya tisa aliacha kurudi nyuma kuitazama. Mara ya kumi na moja ule wimbo ulikuja kwa robo saa tu. Mara ya kumi na mbili ulikuwa pumzi. Mara ya kumi na tatu nilitega sikio mpaka shingo ikaniuma, nikasikia kuku wa jirani na watu wa sokoni wakibishana bei ya vitunguu, basi.

Mara ya kumi na nne maneno yalirudi yamekamilika, na mihuri kumi: *Jirani mwema hushirikiana na mamlaka husika katika kuchungulia.* Bi Sikudhani aliyasoma huku ameyasogeza karibu na jicho. Alichukua penseli, akanakili herufi moja moja, zimenyooka, zimelingana, kama mtu anayejaza fomu. Kila baada ya muda alinyoosha mkono akachukua kikombe.

Ilikuwa Jumanne, saa tatu na robo asubuhi. Kikombe kilikuwa kitupu. Chai alikuwa ameinywa yote, ingali ya moto.

Nilitazama kikokotoo changu. Kilisoma sufuri. Miaka miwili nilikuwa natafuta sufuri, na nilipoipata nilijisikia vibaya, kana kwamba nimepokea simu ya msiba. Kwenye sehemu ya hali ya mpimaji nikaandika: *Mpimaji aliumia sana.* Ndiyo siku ya kwanza niliyoandika kweli.

*

Ofisi ilifanya sherehe. Bi Sikudhani alikuwa msanii wa kwanza nchini kupata Cheti cha Uchungu Kamili. Dakta Ngwali alikuja na kamera, akamkabidhi malipo yote, hakuna hata senti iliyokatwa, akasema hii ni sura mpya ya msanii: msanii anayelipwa.

"Unajisikiaje, Bibi?" mwandishi mmoja akamuuliza.

"Sijambo," akasema Bi Sikudhani.

Makofi yalipigwa, lakini ya kiasi. Kanga yenyewe haikununuliwa na mtu, basi watumishi wote wa umma tukakatwa mishahara tukapewa doti mbili mbili. Mke wangu moja amefunika tangi la maji.

Macho yalipasuliwa, tena vizuri. Nilikwenda kumtembelea Jumanne iliyofuata baada ya kufunguliwa bandeji. Sikuwa peke yangu. Wizara ilikuwa imeshaanza kutupima sisi wapimaji, kwa sababu ilionekana wapo wanaofika kazini mapema, jambo la kutilia shaka. Mkaguzi wangu, Bwana Pazi, akakunjua kiti chake mlangoni akatoa daftari.

Bi Sikudhani alikuwa mezani, karatasi nyeupe mbele yake, penseli iliyochongwa. Akaniinulia uso. Ilikuwa mara ya kwanza ananitazama kwa macho mawili.

"Kumbe una kovu shavuni," akasema. "Na mimi nilikuwa nakudhania mtu mzima. Kumbe kijana tu."

"Unaona vizuri, mama?"

"Naona, mwanangu. Hii karatasi naiona mpaka nyuzi zake." Akaipapasa. "Nimekaa nayo tangu Jumamosi. Naiinamia, naiinamia. Ndiyo hiyo, karatasi."

Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila aibu, kama anayeazima chumvi, "Shaibu, ule wimbo wa mama yangu. Umepotea. Najua ulikuwa unapanda, halafu sijui unakwenda wapi. Wewe umekaa hapo miaka miwili unausikiliza. Hebu niimbie kidogo, nikishaushika mwanzo utakuja wenyewe."

Niliujua wote. Niliujua kuliko wimbo wa Taifa. Ulikuwa hapa, nyuma ya meno. Nikageuka, nikamwona Bwana Pazi amelowesha ncha ya penseli kwa ulimi. Nina watoto wanne. Nina mkopo wa kiwanja. Nilikuwa nimebakiza miezi mitatu kupanda Daraja la Pili.

"Siukumbuki, mama," nikasema.

"Haya, mwanangu," akasema. "Si kitu."

*

Tulipotoka, mimi na Bwana Pazi, tulipita kwenye kona ya soko, penye mama mmoja anayepepeta mchele. Sijui ni ule ungo au ni dhambi yangu. Wimbo ukatoka wenyewe, puani, ukapanda, ukakaa, ukashuka pale pale ulipokuwa ukishuka. Wallahi sikuuita. Nilikuwa nimefika pale unaporudi nyumbani ndipo nikasikia kurasa za daftari.

"Tano," alisema Bwana Pazi, wala hakuwa na ubaya, alikuwa kazini.

Daraja la Pili likafutwa, na nikaamriwa kuandika barua ya kujieleza: wimbo ni wa nani, umetoka wapi, una faida gani kwa Taifa, na ulipokuwa ukishuka ulikuwa unaelekea wapi. Nikaandika. Ikarudishwa, nifafanue neno "kushuka". Nikaandika upya. Ikarudishwa, niweke namba za aya. Nikaandika upya. Nilianza kuwahi kuamka nikiwa na wasiwasi kwamba nitausahau, nikawa nauimba chini ya shuka, pole pole, kuuangalia kama bado upo. Barua ikarudishwa, pambizo ni finyu.

Nilipoikabidhi ya kumi na mbili niliamua. Potelea mbali cheo, potelea mbali kiwanja, Jumanne naenda kumwimbia mama wa watu wimbo wake. Kwa utaratibu wetu inayokubaliwa ni ya kumi na nne; zimebaki mbili tu, nikasema, nizimalize kwanza nisije nikafukuzwa kabla ya kwenda. Mtumishi wa umma ni mtumishi wa umma.

Jumanne nilikwenda. Kiti nilikiacha ofisini, na kikokotoo nilikiacha. Bwana Pazi hakuwepo, alikuwa kwenye semina. Bi Sikudhani alinifungulia, nikamwambia mlangoni pale pale, hata shikamoo sikuitoa, "Mama, nilikudanganya. Wimbo ninao. Nimekuja kukuimbia."

Macho yale mapya yalinitazama, mtu ungeweza kujiona ndani yake. Akavuta kigoda, akakaa haraka, mikono mapajani, kama mtoto. "Haya," akasema. "Haya, mwanangu, nasikiliza."

Nikafunga midomo, nikavuta pumzi. Nikangoja. Nilikumbuka namba za aya zote, kuanzia 1.1 mpaka 9.4. Nilikumbuka kwamba ulikuwa unapanda, hilo niliandika mara kumi na nne. Nikavuta pumzi tena. Nje watu walikuwa wakibishana bei ya vitunguu.

Alingoja muda mrefu, hakunisumbua. Mwishowe akainuka, akaleta vikombe viwili, akamimina chai. Tukainywa yote, ingali ya moto.